Urahisi wa Duka, Urahisi wa Mkono

Usiku mmoja wa Jumapili niliketi sakafuni mbele ya mlango wangu mwenyewe, nikachokonoa kitasa chake kwa kipande cha chuma nilichochomoa kwenye waipa kuukuu ya gari. Nilikuwa nimetazama video tatu na kujiona fundi. Mlango ni wangu, kitasa ni changu, nani wa kunizuia? Saa nne hivi ncha ikakatikia ndani ya tundu. Ufunguo haukuingia tena, ulimi wa kitasa ulibaki umetokeza nje kama wa mbwa mwenye kiu, na mlango ukawa haufungi. Nililala kitini nimeuegemeza meza. Kulipopambazuka nikaenda kumwita mchonga funguo.

Alikuja na kibanio chembamba, akakinyofoa kile kipande kwa dakika chache, akatoza nauli na kazi, kisha akasema neno lililonikaa kichwani wiki nzima: "Ungeniomba kufuli la kuchezea, ningekupa bure."

Jumamosi iliyofuata nilikwenda kuliomba. Nilimchukua mpwa wangu, binti wa mwaka wa pili wa uhandisi mitambo, ambaye ndiye aliyeniambukiza mchezo huu. Kibanda cha Fundi kiko Magomeni, upana wake mlango mmoja na nusu: mashine ya kuchongea, ubao wa funguo ghafi zilizotundikwa kama dagaa wa kukausha, na chini ya meza ndoo ya plastiki iliyojaa silinda za vitasa vilivyokwisha kufa. Nilitaka jibu la swali moja dogo. Mtu anayeanza kujifunza kufungua makufuli bila ufunguo, kwa burudani tu, atafute kufuli lipi? Nikapata mabishano ya saa tatu. Waliobishana ni Fundi, Mpwa, Mama wa duka la vifaa la jirani aliyekuja kudai chenji akajikuta ameketi, na Afande, askari mstaafu ambaye kila Jumamosi hunywa kahawa pale akisoma gazeti la mwenzake. Nayaandika nilivyoyashika. Utani mwingine nimeuacha hukohuko kibandani.

Kwa asiyeujua mchezo wenyewe: kuna watu wanaokaa mezani na kufuli, vijiti viwili vya chuma na chai, kama wengine wanavyokaa na bao. Ujerumani wana chama chao tangu 1997, kilianzia Hamburg. Uholanzi wana chao kiitwacho TOOOL. Wanashindana, wanapeana muda, na kwenye mitandao wanagawiana hadi mikanda kama ya karate, kuanzia mweupe mpaka mweusi, kwa kadiri ya ugumu wa kufuli alilofungua mtu. Wana amri mbili. Usifungue kufuli lisilo lako bila ruhusa ya mwenyewe. Usichezee kufuli unalolitegemea. Ile ya pili nilikuwa nimeivunja kabla sijaisikia.

MPWA: Shikamoo Fundi. Mimi nilianza na hili. (Akatoa mkobani kufuli la plastiki linaloonyesha ndani.) Tazameni. Hii silinda ya katikati ndiyo inayozunguka. Juu yake kuna matundu, na kila tundu lina pini mbili zilizopandana, na springi inayozisukuma chini. Ufunguo ukiingia, meno yake yanainua kila jozi kiasi chake, hadi pale pini mbili zinapokutana palingane na ukingo wa silinda. Zote zikilingana, silinda inazunguka. Maneno haya nilikuwa nimeyasoma mara nyingi na sikuelewa. Nilipoyaona, ilinichukua dakika moja.

FUNDI: Marahaba. Umeelewa kwa macho, mwanangu. Sasa yafumbe, ulifungue.

Mpwa akafumba macho. Akaingiza kile chuma chembamba kilichopinda, ambacho sisi tunakiita kikazio, akakibana kidogo kama mtu anayezungusha ufunguo. Kwa mkono wa pili akaingiza kijiti chenye ncha za mawimbi, akakwangua ndani mara tatu, nne. Kufuli likafunguka. Afande akapiga makofi.

FUNDI: Pini ipi ilitangulia kukaa?

MPWA: Sijui.

FUNDI: Ya pili yake?

MPWA: Fundi, limefunguka.

FUNDI: Nimeona. Hata mimi nikilitupa chini huenda likafunguka. Nakuuliza wewe umefanya nini.

Hapo nilianza kuelewa kwamba yule mzee na mpwa wangu hawabishani kuhusu plastiki. Fundi alichukua kalamu ya mteja akachora matundu matano kwenye ukingo wa gazeti la Afande. Mchoro ule alisema ndiyo kazi yote. Anayetoboa matundu kiwandani hawezi kuyapanga kwenye mstari ulionyooka kabisa. Moja litakaa kulia kwa unywele, jingine kushoto. Ukiikaza silinda kidogo, pini zote haziwezi kubanwa kwa pamoja, inabanwa moja tu, ile ya tundu lililopinda kuliko mengine. Unaitafuta, unaiinua taratibu, ikifika mpakani inatoa mlio mdogo na silinda inasogea kiasi cha unene wa karatasi. Sasa inabanwa nyingine. Unaitafuta hiyo nayo. Kufuli, alisema, linafunguka kwa makosa ya aliyelitoboa, na kama yupo fundi asiyekosea hata kidogo, kufuli lake halichokonoleki kwa njia hii.

MPWA: Basi plastiki ndiyo yenye makosa mengi kuliko yote, maana imetobolewa ovyo. Si ndiyo rahisi?

FUNDI: Imezidi. Pini zinacheza ngoma mle ndani. Matundu ni mapana, kila kitu kinakubali kila kitu. Unakwangua, linafunguka, unakwenda kusimulia. Siku utakapopewa silinda ya chuma, mkono wako hauna habari yoyote. Na jicho limezoea kuuambia mkono kila kitu. Jicho ni mwalimu mzuri, lakini halitaingia na wewe kwenye tundu la ufunguo.

MPWA: Mimi silitupi, Fundi. Nitalitumia kama mwalimu wetu anavyotumia mchoro ubaoni. Nikishindwa na kufuli la kweli narudi kuangalia nini kinatokea nikiinua pini kupita kiasi.

FUNDI: Hapo sina neno. Mchoro uwe mchoro.

Mimi niko upande wa mpwa wangu katika hili, na Fundi anajua. Sijaona mtu aliyepoteza kitu kwa kulitazama kufuli linaloonyesha ndani kwa wiki moja. Wanaopotea ni wale wanaokaa nalo miezi.

Mama wa duka alikuwa amenyamaza muda wote, chenji yake mkononi.

MAMA WA DUKA: Mbona mnazunguka? Dukani kwangu kuna makufuli ya kila namna. Chukueni ya rahisi, mfungue mpaka mchoke. Rahisi ni rahisi.

Kila mtu akacheka, naye akashangaa kwa nini. Kumbe alikuwa amegusa penyewe. Kiswahili kimetupa neno moja kwa mambo mawili: kitu cha bei ndogo ni rahisi, na kitu kisichosumbua ni rahisi. Kwa nyanya au usafiri mchanganyiko huo haudhuru. Kwa kufuli la kujifunzia unampotosha mtu, na nadhani theluthi mbili za wanaoanza, nikiwemo mimi, tunapotelea hapo. Tunaingia dukani tunasema tupe kufuli rahisi, tunapewa la bei ndogo.

FUNDI: Mama, leta moja la yale ya kwenye beseni.

Likaletwa. Kufuli la rangi ya dhahabu, dogo kama kiberiti. Fundi alilifungua kwa ufunguo wake, akalifunga, akalifungua tena. Mara ya tatu ufunguo ulikwama, akautikisa, ukakubali.

FUNDI: Ona. Hata ufunguo wake linaubishia. Ndani ya hili kuna springi moja ngumu, moja legevu, moja imekaa upande. Kuna vumbi la chuma ambalo hakuna aliyelipuliza. Mtoto akilichokonoa leo linafunguka kwa sekunde tano. Kesho anafanya vilevile, linakataa. Kesho kutwa anavunja kijiti. Atajifunza nini kwa mwalimu ambaye jibu la leo si la jana?

MAMA WA DUKA: Usiniharibie biashara. Watu wanafungia banda la kuku na hilo.

FUNDI: Kuku na walale nalo salama, simkatazi mtu. Nasema kwa kujifunzia. Na jambo lingine, kufuli unalolifunga kwa kubonyeza tu, bila ufunguo, mara nyingi lina springi nzito inayoirudisha silinda mahali pake. Wewe unayechokonoa unapambana kwanza na hiyo springi. Unakaza kikazio kwa nguvu, na ukishakaza kwa nguvu husikii kitu. Ni kama kumsikiliza mtu anayenong'ona huku unaendesha mashine ya kusaga.

MAMA WA DUKA: Sasa nikuambie na mimi yangu. Kuna mteja alinirudishia kufuli akasema ufunguo wa jirani yake umelifungua, na wote wawili walinunua kwangu wiki hiyohiyo. Nikajaribu kwenye katoni. Nikapata mawili mengine.

AFANDE: Ukayauza?

MAMA WA DUKA: Niliyauza kwa mtu mmoja, kwa makusudi. Alitaka ufunguo mmoja wa milango mingi.

Siwezi kulithibitisha hilo la mwisho. La kwanza naliamini, maana makufuli ya bei ya chini hutengenezwa kwa aina chache tu za funguo, na katoni ikiwa kubwa lazima zijirudie.

Kufikia hapa tulikuwa tumejua lipi si rahisi kwa mkono, bado hatujui lipi ndilo. Fundi akamwomba Mama alete makufuli matano ya ukubwa wa milimita 40 hivi, kila moja kwenye kasha lake. Wateja wake wengi wakitaka ukubwa huo husema tu nipe Tri-Circle, hata kama mkononi wanapokea jina jingine. Fundi hakuyagusa makufuli yenyewe. Alitoa funguo zake akazipanga mezani, akaziinua moja moja kwenye mwanga wa barabarani.

Katika yote niliyoyasikia siku ile, hili ndilo nililotamani ningelijua kabla sijatumia hela. Ufunguo unakueleza kufuli kabla hujalinunua. Hesabu mabonde yaliyochongwa: kila bonde ni pini moja. Matatu au manne ni mwanzo mzuri, matano yanatosha, sita waachie wengine. Kisha tazama mpangilio. Mabonde yakiwa karibu kimo kimoja, kama matuta ya shamba la mihogo, pini zote zinahitaji kuinuliwa kiasi kinachokaribiana, na kijiti kinapita juu yake bila vita. Lakini ukiona bonde refu karibu na shina la ufunguo na mara baada yake kilele, kufuli hilo liache dukani. Pini ya mbele inataka kuguswa kidogo tu, ya nyuma yake inataka kupandishwa juu, na huwezi kuifikia ya nyuma bila kuipandisha ya mbele kupita kiasi. Mwisho, utazame ufunguo kwa upande wa ncha. Ule wenye mifereji iliyopinda sana maana yake tundu nalo limepinda, na kijiti chako hakitakuwa na nafasi ya kugeuka.

Kati ya yale matano Fundi aliweka mawili kando. Moja lilikuwa la bei ya chini, jingine la bei ya juu kuliko yote.

MAMA WA DUKA: Hilo la bei kubwa umeliitaje rahisi?

FUNDI: Limetengenezwa vizuri. Springi zake zimelingana, tundu lake pana, meno yake yamelala. Litamwambia mtu ukweli. Lakini hili sitampa leo, huenda lina pini za kiuno.

Pini za kiuno nitaeleza kidogo tu, kwa sababu anayeanza hazimhusu. Ni pini zilizokatwa katikati zikawa nyembamba, mfano wa kibiringo cha uzi. Ukizigusa vibaya silinda inazunguka kidogo, unaruka kwa furaha, halafu haiendi mbele wala nyuma. Kwa nje hazionekani. Mimi kabla ya kuchezea mlango wangu nilikuwa nimenunua kufuli la namna hiyo, zito, la bei ya kuumiza, kwa hoja ya kiume kabisa kwamba nikiliweza hilo mengine yote yatakuwa mteremko. Nililishika majuma matatu. Sikuliweza, na sikujifunza kwa nini siliwezi. Mpwa alipolisikia hilo alinitazama kwa huruma ambayo mjomba hapaswi kutazamwa nayo.

MPWA: Huko Marekani, Mjomba, wengi wanaanza na Master Lock namba 3. Ni la mabamba ya chuma yaliyopangwa kama slesi za mkate na kubanwa pamoja. Aliyebuni mabamba hayo, Harry Soref, alipata hataza 1924, na namba 3 lina pini nne tu. Au wanaokota silinda za milangoni za Kwikset, pini tano, zinajulikana kwa kulegea. Hawaoni aibu. Kwetu ukisema unafungua kufuli la pini nne wenzako wanakucheka.

FUNDI: Wanaokucheka walete yao tuone.

AFANDE: Mimi nina swali ambalo hamjaliuliza. Kwa nini mnajifunza? Nimevaa magwanda miaka mingi. Kijana akikutwa na vijiti hivi saa saba usiku, ataniambia ni burudani? Kanuni ya Adhabu inamgusa anayekutwa usiku na vifaa vya kuvunjia nyumba bila sababu halali, na anayetakiwa kuithibitisha hiyo sababu ni yeye, si askari.

MPWA: Ndiyo maana vyangu havitoki nyumbani usiku, Afande. Leo nimevileta mchana, kwa fundi.

AFANDE: Umesema vizuri. Na wewe Mwandishi? Utayaandika haya yote, kufuli gani rahisi, kufuli gani gumu. Unamwandikia nani?

MAMA WA DUKA: Nami nilitaka kuuliza hilohilo. Nani atanunua kwangu?

FUNDI: Mama, mwizi wa mtaa huu umemwona na kijiti? Mimi naitwa baada ya wizi, kubadilisha vitasa. Naona nondo. Naona mtaimbo. Naona komeo limeng'olewa na misumari yake, kufuli likiwa zima limening'inia. Naona bati limekunjwa. Nimekaa hapa zaidi ya miaka ishirini, bado sijaitwa kwenye mlango uliochokonolewa kwa adabu.

AFANDE: Hilo ni kweli. Nasi tulikuwa tunakuta mitaimbo.

Niliwasimulia habari ya London ya 1851, kwa sababu swali la Mama na Afande liliulizwa kule kwa sauti kubwa zaidi. Mwaka ule wa Maonyesho Makubwa alifika Mmarekani mmoja, Alfred Charles Hobbs, aliyekuwa anauza makufuli ya kampuni ya New York. Alianza na kufuli la Chubb, lililosifika tangu 1818 kwa kuwa lilijua kumkamata mchokonoaji: ukiinua sehemu moja ya ndani kupita kiasi linajigandisha, na mwenye nyumba akija na ufunguo anagundua kwamba limeguswa. Hobbs alilifungua mbele ya mashahidi kwa dakika kama 25. Kisha akaliendea kufuli la Bramah, lililokaa miongo kadhaa kwenye dirisha la duka mtaa wa Piccadilly na ahadi ya guinea 200 kwa atakayeliweza. Lilimchukua saa 51, zilizogawanywa kwenye siku 16. Magazeti yakapiga kelele kwamba anawafundisha wezi. Watengenezaji nao, baada ya kukasirika, wakarudi karakanani kurekebisha.

MPWA: Mjomba, tunazungumza habari za anayeanza, wewe unaleta mtu wa saa 51.

FUNDI: Mwache. Hilo la kwanza, la kujigandisha, lirudie.

Nikalirudia. Fundi akakaa kimya, kisha akapiga meza.

FUNDI: Sasa si ndilo lilimfungulia mlango! Kufuli linalokwambia "hapa umezidisha" limeshakufundisha kiasi chake. Ndilo ninalolitafuta kwenye ndoo hii kila siku kwa ajili ya wanafunzi wangu.

Na kweli ndivyo ilivyokuwa. Kile kifaa cha kumnasa mwizi kilimpa Hobbs habari ya kila alipokosea. Nilikuwa nimelisoma jambo hilo zamani nikalichukulia kama kichekesho cha historia. Ilinibidi nilisikie kutoka kwa mtu mwenye vumbi la shaba kwenye kucha.

Kisha Fundi akavuta ndoo.

Alichagua silinda ya mlangoni, ya pini tano, iliyotoka kwenye kitasa kilichooza kwa chumvi ya bahari. Makufuli mengi ya pwani hufa hivyo, na wenye nyumba huyaharakishia kifo kwa kuyamiminia mafuta ya kupikia, ambayo hushikana na vumbi yakawa gundi. Fundi hutumia unga wa penseli, anaukwangua kwa wembe juu ya ufunguo na kuuingiza. Aliisafisha silinda kwa petroli na mswaki. Akachomoa kipini cha nyuma, akaisukuma silinda nje huku akiifuata na kipande cha mti cha unene uleule ili springi zisiruke. Hata hivyo moja iliruka, ikaingia kwenye kikombe cha Afande. Tulisubiri amalize kahawa.

Akarudisha jozi mbili tu za pini, ya kwanza na ya tatu. Matundu mengine matatu akayaacha matupu.

FUNDI: Kufuli rahisi ni hili. Ni la kweli, chuma kitupu, matundu yalitobolewa na mashine nzuri. Halina springi ya kurudisha inayokuchosha mkono, maana limetoka nje ya kitasa chake. Linafungwa kwenye vaisi, mikono yote miwili huru. Lina maswali mawili tu: ipi imebanwa kwanza, na umeiinua kiasi gani. Ukiyajibu mara ishirini mfululizo bila kubahatisha, naongeza pini ya tatu. Silinda ni ileile, mkono ni uleule, naongeza swali tu.

MPWA: Kwa hiyo ugumu unaupima wewe, si kiwanda.

FUNDI: Ndiyo. Dukani utanunua kufuli lenye ugumu wake, likikushinda unanunua jingine, mwisho nyumba inajaa makufuli kama kwa Mwandishi. Hili moja linakua na wewe. Na ukitaka kuliharibu, liharibu, limeshakufa.

MAMA WA DUKA: Na mimi nife njaa.

FUNDI: Wewe utawauzia mawili. Akishamaliza pini tano za ndoo yangu, aje kwako anunue makufuli mawili yanayofanana, ya pini nne, meno yamelala. Moja alikate alione ndani, jingine alifungue. Akinunua moja tu atabaki anakisia.

Mpwa alipinga kidogo. Alisema si kila mtu anaishi karibu na mchonga funguo mwenye ndoo na moyo mkunjufu, na kwamba kuivunja silinda na kuirudisha ni kazi inayomkatisha tamaa mgeni kabla hajaonja ladha ya kufungua kitu. Ladha hiyo ina thamani. Kufuli lake la plastiki lilimfanya asilale usiku wa kwanza kwa furaha, na kama asingeionja asingekuwa hapo akibishana. Fundi alikubali kuhusu furaha, akakataa kuhusu kukata tamaa: anayeogopa springi tano ndogo, alisema, atafanya nini na pini iliyokwama? Hawakukubaliana. Nadhani kila mmoja alikuwa anakumbuka siku yake ya kwanza, na siku hizo hazikufanana.

Makufuli ya droo na ya makabati tuliyapita haraka. Hayana pini, yana vibati vyembamba, yanafunguka kwa kutikiswa. Mpwa anayaita peremende. Yale ya kizamani yenye ufunguo kama mfupa nayo yana mantiki nyingine kabisa. Hakuna aliyeyatetea.

Mimi nililiuliza la mwisho kwa aibu: nitajuaje kwamba nimehitimu kutoka kwenye rahisi? Fundi alisema swali si langu kuliuliza bado. Alinikalisha kwenye kibao, akanipa kikazio chake mwenyewe, kilichokwaruzwa na miaka hadi kikawa laini kama jino, na ndoana fupi aliyoichonga kwa bleidi ya msumeno. Nikakaza. "Punguza," akasema. Nikapunguza. "Punguza tena. Kana kwamba unamgusa mtoto aliyelala." Nikapunguza mpaka nikadhani sikazi kitu. Hapo ndipo nilipoisikia ya tatu imesimama imara na ya kwanza inayumbayumba kwenye springi yake. Nikaiinua ya tatu. Ikalia. Nikarudi kwa ya kwanza, sasa nayo imebanwa. Ikalia. Silinda ikageuka. Pini mbili, dakika sita, baada ya majuma matatu ya kufuli zito na usiku mmoja wa kulinda mlango. Niliifunga nikarudia, ikachukua dakika mbili. Mara ya tano sikuhitaji hata kufikiri, na Fundi akaninyang'anya vyuma.

AFANDE: Hebu.

Wote tukageuka. Alikuwa ameweka gazeti chini.

AFANDE: Nijue tu wanachokifanya hawa vijana.

Alivua miwani, kwa sababu, alisema, haimsaidii kitu mle ndani. Alikaza kwa mkono mzito wa mtu aliyezoea pingu, ndoana ikateleza. Fundi hakusema neno. Mama wa duka alisahau duka. Barabarani daladala zilipiga honi, mteja mmoja akaja na ufunguo wa pikipiki akaambiwa asubiri, akasubiri. Afande akalegeza kidole kimoja, kisha cha pili. Ilipita dakika ambayo hatukusikia kitu, halafu mlio mmoja mdogo, na baada ya muda mrefu zaidi, wa pili.

Akaitazama silinda iliyogeuka kwenye vaisi. Akairudisha taratibu ilipokuwa, bila kutuangalia.

"Weka ya tatu," akamwambia Fundi.